Rubabi kwenye baridi kali: shajara ya misimu mitano

Nilianza kuandika haya kwa sababu nilipotaka kupanda rubabi (rhubarb kwa Kiingereza), mmea wa kudumu unaoliwa mguu wa jani lake, sikupata kwa Kiswahili maelezo ya mtu aliyepanda, akaharibu, akaanza upya. Mengi niliyosoma yaliishia kusema mmea huu unapenda baridi. Ni kweli unaipenda: asili yake ni nchi za baridi za Asia, zikiwemo Siberia na Mongolia, na usipopata miezi ya baridi hauamki vizuri. Lakini katika msimu wangu wa kwanza niliua mimea minne kati ya sita, na hakuna hata mmoja uliouawa na baridi yenyewe. Naandika ili mwenye hali kama yangu asipoteze miaka miwili niliyoipoteza mimi.

Hali ya bustani ni hii. Kipimajoto hushuka hadi nyuzi 35 chini ya sifuri. Ardhi huganda mwisho wa Oktoba na haiyeyuki mpaka chini kabla ya katikati ya Mei. Siku zisizo na sakitu hazifiki 100 kwa mwaka. Udongo ni wa mfinyanzi, mzito, unaonata kwenye jembe.

Maneno mawili nitayatumia sana. Kisiki ni lile fundo nene la mmea, lenye macho, yaani machipukizi, juu na mizizi minene chini. Ndicho kinacholala ardhini majira yote ya baridi. Kikonyo ni mguu wa jani, mrefu na mchachu, na ndiyo sehemu pekee inayoliwa. Jani lenyewe lina asidi ya oksaliki nyingi, ni sumu, haliliwi hata likipikwa.

23 Mei 2020. Kupanda

Visiki sita vya aina ya Victoria, kila kimoja na macho mawili au matatu. Mita moja kati ya kisiki na kisiki, ndoo moja ya mboji kila shimo. Saa nne za kazi.

Nilichagua sehemu ya chini ya bustani, nyuma ya ukuta, kwa kuwa upepo haufiki pale. Nikafukia macho kwa sentimita 12 za udongo nikiamini udongo ni blanketi, na kadiri blanketi linavyokuwa nene ndivyo kinacholala chini yake kinavyopata joto. Yote mawili yalikuwa makosa, ila siku ile nilirudi ndani nimeridhika kabisa.

5 Julai 2020. Vimechelewa

Wiki sita zimepita na visiki viwili tu ndivyo vilivyotokeza. Nilifukua vingine kwa mkono. Macho yalikuwa hai, lakini yamerefuka, meupe na membamba, yanapanda polepole kutafuta mwanga huku yakila akiba ya kisiki. Niliondoa udongo hadi ukabaki wa sentimita 4 juu ya macho. Siku kumi baadaye vyote sita vilikuwa na majani.

Basi kina ni sentimita 3 hadi 5, hata mahali penye baridi kali. Kisiki hakihitaji kufichwa.

Sikuvuna hata kikonyo kimoja. Mwaka wa kwanza kila jani linafanya kazi ya kujaza akiba chini, na ukilitoa unakikopa kisiki ambacho bado hakina kitu.

Naongeza jambo ambalo sikulitilia maanani siku ile: kwa kuondoa udongo juu ya visiki, niliviacha kila kimoja katikati ya shimo dogo lenye umbo la sahani. Mtasoma lilileta nini.

17 Oktoba 2020. Kufunika

Majani yamekufa kwa sakitu. Nimeweka samadi ambayo haijaoza vizuri, toroli tatu, juu yake nyasi kavu, na juu ya nyasi turubai. Ardhi bado haijaganda. Saa tatu za kazi.

4 Mei 2021. Vinne vimekufa

Nitaandika siku hii kirefu.

Theluji ilianza kuyeyuka Aprili 19. Kufikia Aprili 22 sehemu yote ya chini ya bustani ilikuwa kidimbwi, na maji yalikaa siku tisa. Sikuelewa kwa nini hayanywei, mpaka nilipochomeka fimbo: ilizama sentimita 15 kwenye tope, kisha ikagonga kitu kigumu kama saruji. Juu pameyeyuka, chini bado ni barafu. Maji ya theluji yote ya bustani yalikuwa yameteremka hapo nilipochagua kwa ajili ya upepo, na hayakuwa na njia ya kupita chini. Visiki vilikuwa vimekaa kwenye visahani vyao, ndani ya maji baridi, wiki nzima na zaidi.

Leo maji yamekauka nikapiga magoti na kuingiza vidole. Kisiki kizima ukikibonyeza ni kigumu kama kiazi kikuu kibichi, na ukikikwangua kwa ukucha ndani ni cha manjano kuelekea chungwa. Cha kwanza nilichogusa kiliingia kidole bila kupinga, kama sabuni iliyosahaulika kwenye ndoo. Ndani kilikuwa kahawia, na harufu ikanipanda puani kabla sijakitoa. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilionekana kizima kwa juu, macho mekundu kabisa, nikafurahi. Nilipokigeuza, chini hakikuwa na mizizi, ilikuwa imebaki maganda matupu. Cha nne kilikuwa na mashimo ya meno, maana panya walikuwa wamelala chini ya turubai na nyasi majira yote ya baridi wakikitafuna. Kilichosalia nacho kilikuwa kimeoza.

Vilivyopona ni viwili vya mwisho wa mstari. Nilichukua kamba na pima-maji nikapima, maana nilitaka kujua vimewazidi nini wenzao. Vimekaa juu kuliko vingine kwa sentimita 18. Upana wa shubiri moja hivi. Vilipata upepo ule ule, baridi ile ile, samadi ile ile, tofauti yao ilikuwa shubiri moja ya mwinuko.

Hasara: visiki vinne, mwaka mmoja, saa kama kumi na mbili za kazi kwa jumla.

9 Mei 2021. Tuta

Nimeacha bondeni. Nimejenga tuta upande wa juu wa bustani, urefu mita saba, upana mita 1.2, mwinuko sentimita 30, udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva na mchanga wa kokoto ndogo. Toroli 31, saa 14 kwa siku mbili, na mgongo uliouma wiki nzima. Upande wa juu wa tuta nimechimba mfereji usiozidi upana wa jembe, ili maji ya theluji yazunguke.

Visiki viwili vilivyopona nimevihamishia humo. Kimoja kilikuwa na macho matano, nimekigawa mara mbili kwa sepetu kali, kila kipande na macho yasiyopungua mawili na mzizi wake. Nimeacha vipande kivulini siku moja ili jeraha likauke kabla ya kukutana na udongo. Sasa nina mimea mitatu.

Juu ya kila kisiki nimeacha kichuguu kidogo cha udongo badala ya kisahani. Maji yakidondoka yanateleza.

20 Julai 2021

Mmea mmoja umetoa shina la maua, nene, likipanda kwa kasi. Nimelikata chini kabisa siku ile ile. Ukiliacha, nguvu iliyotakiwa kwenda kwenye kisiki inakwenda kwenye mbegu. Mengine yanaendelea vizuri, sina la kuandika.

12 Novemba 2021. Kufunika, mara ya pili

Safari hii nilisubiri. Majani niliyaacha mpaka sakitu ilipoyalaza yenyewe, kisha nikayaondoa yote juu ya tuta, kwa kuwa yakioza juu ya macho yanaozesha na macho. Halafu nikangoja ardhi igande. Nilikwenda kila asubuhi kugonga kwa kisigino. Mwisho wa Oktoba ilianza kulia kavu, na leo imeganda sentimita 10 kwenda chini.

Hapo ndipo nilipoweka matandazo: nyasi kavu tupu, sentimita 15, zimezunguka kisiki na kukifunika kidogo tu kwa juu. Samadi mbichi hapana, turubai hapana.

Sababu ya kungoja ilinichukua muda kuielewa, nami naieleza kwa kuwa wengi hufanya kama nilivyofanya mimi. Matandazo hayamletei mmea joto. Kazi yake ni kuushikilia uliko. Ardhi ikiganda mara moja na kubaki imeganda, kisiki kinalala salama. Inayokiumiza ni ile ya kuganda usiku, kuyeyuka mchana, kuganda tena, kwani udongo huvimba na kusinyaa na mizizi inang'olewa kidogo kidogo. Ukifunika mapema, unaacha udongo wenye unyevu na vuguvugu chini ya nyasi: kuvu wanafurahi, panya wanahamia, na kisiki hakijui kama kilale au kiamke.

Nimefukia vipimajoto viwili vya waya, sentimita 10 chini: kimoja katikati ya tuta, kingine ncha ya mashariki, ambako upepo hupuliza theluji na kuiondoa.

3 Februari 2022. Vipimo

Asubuhi ya baridi kuliko zote mwaka huu. Hewa: nyuzi 34 chini ya sifuri. Katikati ya tuta, chini ya theluji ya sentimita 45 na nyasi: nyuzi 4 chini ya sifuri. Ncha ya mashariki, ambako theluji ilibaki ya kupimwa kwa kidole: nyuzi 13 chini ya sifuri.

Nilirudia kusoma mara tatu nikidhani waya umekatika. Umbali kati ya vipimajoto hivyo haufiki mita nne. Theluji ina hewa nyingi iliyonaswa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la ardhi lisitoroke. Tangu siku hiyo sikanyagi theluji ya juu ya tuta wala simruhusu mtu kuipita, maana ikishindiliwa hewa inatoka.

28 Aprili 2022. Kisiki kimeinuliwa

Maji yamepita kwenye mfereji, tuta lilikuwa juu kama kisiwa. Mimea miwili ya katikati imeshatoa macho mekundu ya ukubwa wa yai la kuku.

Wa tatu, ule wa ncha ya mashariki, umenyanyuliwa. Kisiki kimesimama sentimita 4 juu ya udongo, na pembeni yake unaona mizizi miwili imekatika, nyeupe. Kunyanyuka huko ni kwa kuganda na kuyeyuka kwa siku za Machi, kwa sababu upande huo haukuwa na theluji ya kuutuliza.

Nilikosea kwanza kwa kutaka kukikanyaga kirudi chini. Nilipokibonyeza nikasikia mzizi wa tatu ukikatika. Nikaacha. Dawa yake ni kukiacha kilipo na kukiongezea udongo na mboji pembeni na juu, mpaka macho yafunikwe tena kwa sentimita 3. Ndoo mbili zilitosha.

Msimu ujao nitasimamisha matawi makavu upande wa upepo, ili theluji inase humo badala ya kupeperuka.

11 Juni 2022. Sakitu ya ghafla

Usiku wa jana nyuzi 6 chini ya sifuri, majani yakiwa tayari na upana wa sinia. Asubuhi yalikuwa kama mchicha uliochemshwa, meusi, yamelala.

Hapa nilitulia kwa mara ya kwanza. Sikukata kitu kwa siku tatu. Baada ya hapo vikonyo vilijitenga vyenyewe: vilivyosimama tena na kuwa vigumu vilikuwa vizima, vilivyobaki laini na vyenye majimaji nilivitoa na kuvitupa kwenye mboji. Vilivyolegea kwa barafu havifai kuliwa, kwani utamu na ugumu wake umekwisha, na wakulima wa mmea huu huonya kwamba jani likiharibiwa sana na barafu, asidi yake inaweza kushuka kwenye kikonyo. Sitamlisha mtu kitu cha kubahatisha. Kisiki kilitoa majani mapya ndani ya wiki mbili.

Mwaka huu pia nilipanda mbegu ndani ya nyumba, Machi. Ziliota 22 kati ya 30 nilizoloweka kwa muda wa saa mbili. Mbegu za Victoria hazitoi watoto wanaofanana: ilipofika Agosti wengine walikuwa na vikonyo vya kijani, wengine wekundu, wawili wakataka kutoa maua mwaka huo huo wa kwanza. Hao wa maua niliwang'oa, nikabakiza watatu wanene zaidi bila kujali rangi. Rangi haisemi lolote kuhusu kuiva. Kikonyo cha kijani kinaliwa vizuri vile vile.

18 Juni 2023. Mavuno ya kwanza

Matawi makavu yalifanya kazi. Theluji upande wa mashariki ilifika sentimita 40 na hakuna kisiki kilichoinuka.

Nimevuna kilo 3.2 kutoka mimea mitatu ya zamani. Sikutumia kisu. Unashika kikonyo karibu na chini, unakizungusha kidogo huku ukikivuta, nacho kinachomoka na kiatu chake cheupe kwa mlio mdogo. Ukikata, kipande kinachobaki kinaoza na kuozesha macho ya jirani yake. Majani niliyakata pale pale bustanini ili yasiingie jikoni kabisa. Kwa kila mmea sikutoa zaidi ya theluthi ya vikonyo, na nitaacha kuvuna katikati ya Julai. Msimu wetu ni mfupi na kisiki kinahitaji wiki zilizobaki kujaza akiba ya miezi saba ya kulala.

Desemba 2023 hadi Februari 2024. Gizani

Hili lilikuwa jaribio la kupenda tu. Wakulima wa Yorkshire, Uingereza, kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, hukuza visiki shambani miaka miwili bila kuvivuna, huviacha vipigwe na baridi, kisha huvihamishia kwenye mabanda ya giza yenye joto na kuvuna kwa mwanga wa mishumaa. Tangu 2010 jina la rubabi yao ya gizani limelindwa kisheria Ulaya.

Novemba niling'oa mmoja wa watoto wa mbegu, nikauacha nje juu ya ardhi ugande kwa wiki nne, halafu nikauweka kwenye ndoo ya udongo wenye unyevu, chumba cha chini, giza, nyuzi 12. Wiki ya kwanza niliweka karibu na bomba la joto, nyuzi 21, na macho mawili yakaota ukungu. Nilihamisha ndoo, nikafuta ukungu, nikapunguza maji. Siku ya 37 nilikuwa na vikonyo tisa, vyekundu vya waridi, laini, na majani madogo ya manjano yaliyokunjamana.

Gramu 410. Kisiki kilikwisha kabisa, ukikibonyeza ni chepesi kama sponji kavu, nikakitupa. Gharama yake basi ni mmea mzima wa miaka miwili kwa chungu kimoja cha kupika. Nilifurahi sana kula kitu kibichi kilichokua Januari, lakini sitarudia mpaka niwe na visiki vya ziada.

15 Mei 2024

Watoto wawili wa mbegu waliosalia wako hai. Mmoja ni bora kuliko wa zamani wote. Mavuno ya mwaka, niliyoyajumlisha baadaye: kilo 7.9.

10 Mei 2025. Kugawa

Mmea mkubwa wa katikati umekuwa na vikonyo vingi vyembamba, dalili kwamba macho yanasongamana. Niliuchimba mara tu macho yalipochomoza, kabla majani hayajafunguka. Kisiki kilikuwa na uzito wa kilo 6 na katikati kulikuwa na shimo la kuoza, kavu, ambalo nililikata lote mpaka nikafika kwenye manjano. Vimetoka vipande vitano. Viwili nimevirudisha kwenye tuta, vitatu nimempelekea mama mmoja jirani, mtu mzima kwangu, ambaye ameniomba tangu mwaka juzi.

Nilimkuta ameshachimba mashimo matatu kando ya banda lake, safi, ya kina cha mkono.

"Mwanangu, hapa upepo haufiki kabisa," akaniambia.

Nikamuuliza, "Mama, maji ya theluji mwezi wa nne hupita wapi?"

Akatazama banda, akatazama mteremko, akanyoosha kidole polepole mpaka kikaishia kwenye shimo la kati. Tulihama hatua nane kwenda juu, tukarundika udongo hadi magotini, tukapanda. Yale mashimo matatu akayafukia mwenyewe.